Tamathali si ya kutajwa tu, ielezwe inafanya kazi gani

Mhariri,

Magazeti ya Kiswahili yamekuwa na mashairi tangu zamani. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi nafasi, na hadi leo wapo walimu wanaozipeleka kurasa hizo darasani. Ni jambo jema. Kinachosikitisha ni namna ya kuzisoma: mwanafunzi amekariri majina ya tamathali, yaani mbinu za kupamba lugha, kama tashbiha, sitiari, tashihisi na takriri, na akipewa shairi anaanza kuzisaka kabla hajajua shairi lenyewe linasema nini.

Tuchukue ubeti huu, uliotungwa kwa ajili ya barua hii, wa abiria wanaosubiri kivuko Magogoni:

Bahari yarudi pwani, mawimbi yanatucheka,
Tumesimama ferini, jua lazidi kuwaka,
Mizigo ipo vichwani, miguu imeshachoka,
Ewe nahodha makini, tuvushe tupate fika.

Kwanza usomwe kwa sauti, mara mbili, na msomaji atue kidogo penye mkato. Kisha aueleze kwa lugha ya kawaida: watu wamechoka kungoja juani, wanamwomba nahodha awavushe. Hapo ndipo kuhesabu kuanze. Kila kipande, yaani ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), kina mizani, yaani silabi, 8, basi mshororo, yaani mstari kamili wa shairi, una 16. Wengi hukosea hapa kwa sababu wanahesabu herufi au wanabahatisha kwa sikio. "Miguu" ni mizani tatu, mi-gu-u, kwa kuwa kila irabu inajitegemea. "Vichwani" nayo ni tatu, vi-chwa-ni, ingawa ina herufi nane. "Mtu" ni mbili maana m inasimama peke yake, lakini "mwalimu" ni tatu, mwa-li-mu.

Vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, vya kati ni -ni na vya mwisho ni -ka. Mwanafunzi akiandika kwamba kina ni "a" amekosa, kwani kina ni silabi nzima. "Fika" na "pita" zote zinaishia na a, ila hazina kina kimoja.

Muundo na mtindo navyo huchanganywa sana. Tukiulizwa muundo wa ubeti huu, tunajibu tarbia, yaani mishororo minne. Tukiulizwa mtindo, tunajibu wa kimapokeo, kwa kuwa unafuata urari wa vina na mizani. Majibu hayo hayabadilishani nafasi.

Katika uhuru wa mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kawaida ya lugha, tazama "tupate fika". Kwa kawaida tungesema "tupate kufika", lakini hiyo ingekipa kipande mizani 9, ndiyo maana ku- imeachwa. Hiyo ni inkisari, kufupisha neno. Ila "lazidi" isiitwe inkisari kwa haraka: ni kitenzi kamili chenye -a- ya wakati, na tunakitumia hata katika nathari. Mazda ni kinyume chake, kurefusha neno, kama "enda" kuwa "enenda". Na mshairi akisema "wetu nahodha" badala ya "nahodha wetu", ameboronga sarufi, mara nyingi kwa kutafuta kina.

Sasa tamathali, na hapa ndipo pa kukaa. "Mawimbi yanatucheka" ni tashihisi, kwa sababu kucheka ni tendo la binadamu, nalo limepewa kisicho binadamu. Wengi huishia hapo, nayo ni nusu ya jibu tu. Iulizwe: kwa nini yacheke? Kumcheka mtu ni kumdhihaki, na hawa wamekwama. Maji yanakwenda na kurudi yatakavyo huku wao wakishindwa kuvuka, kwa hiyo dhihaka hiyo inazidisha unyonge wao. Jibu kamili lina sehemu tatu: jina la tamathali, maneno yenyewe yakinukuliwa, na athari yake katika shairi hili. "Jua lazidi kuwaka", kwa upande mwingine, si tashihisi. Jua huwaka kweli.

Neno "kama" nalo ni mtego. "Anang'aa kama nyota" ni tashbiha. "Kama utakuja, nitakungoja" ni sharti tu, halilinganishi chochote. Ama taashira, yaani kitu kinachosimama badala ya kingine, inataka subira zaidi. Msomaji aweza kudai mara moja kwamba nahodha ni kiongozi wa nchi. Huenda ni kweli, lakini ubeti mmoja hautoshi kuthibitisha. Beti zinazofuata zikitaja kodi, ahadi au wananchi, dai lina mguu wa kusimamia. Zisipotaja, nahodha abaki nahodha wa kivuko.

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa wahariri wenzako, ni dogo lakini lina uzito. Safu za gazeti ni nyembamba, na mshororo wa mizani 16 mara nyingi hukatika ukaangukia mstari wa pili. Mwanafunzi huhesabu mistari minane na kuandika kwamba ubeti una mishororo minane. Shairi lipewe upana wa safu mbili. Ikishindikana, utao uingizwe ndani kidogo kila unaposhuka mstari wa pili, na mkato wa mwisho wa ukwapi usifutwe. Na palipo na msamiati wa lahaja, maana yake iwekwe chini ya shairi, hata kwa herufi ndogo.

Mwalimu wa Kiswahili,
Dar es Salaam