Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka (someni mpaka mwisho kabla ya kunipigia simu)

Tumsifu Yesu Kristo wanachama wenzangu wa kikundi chetu cha parokia.

Ya kawaida mnayajua, mikutano ilikuwepo, wagonjwa tumewatembelea, hija tumeenda, Noeli shehe na watu wake wakaja kutusalimia. Napita.

Nikae kwenye futari maana ndo imeleta kelele. Ndiyo, ni mimi niliyeruhusu tuwafuturishe Waislamu wa mtaani ukumbi wa parokia, paroko alijua, na tende zile nilitoa mfukoni kwangu mjue. Nimeambiwa nachanganya dini. Nachanganya wapi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano kwenye Nostra Aetate, tamko lake juu ya dini nyingine, 28 Oktoba 1965, ulishasema Kanisa halikatai chochote kilicho kweli na kitakatifu kwenye dini nyingine, na hapohapo ukasema lazima tumtangaze Kristo, ila watu wanasoma nusu wanayoipenda. Kule Assisi, Italia, 1986 Papa Yohane Paulo II aliita viongozi wa dini mbalimbali, kila dini ikasali kivyake mahali pake. Sisi ndo hivyohivyo, Magharibi wameswali nje chini ya mwembe kwenye mikeka yao, sisi tukawangoja ndani uji unapoa.

Na msalaba haukushushwa! Mtu wetu mmoja (simtaji) alishapanda kwenye kiti aushushe eti wageni wasijisikie vibaya, shehe mwenyewe ndo akamwambia shuka baba utaanguka, hapa ni kwenu. Anayesema haya sio majadiliano ya dini asome waraka wa Vatikano wa 1991, unataja aina nne na ya kwanza kutajwa ni maisha, majirani kushirikiana furaha na shida, ile ya wanateolojia iko ya tatu.

Mahudhurio sasa. Semina ya Nostra Aetate mliidai wenyewe, wakaja watu 11, wengine wamekimbia mvua tu. Kwenye futari sahani ziliisha, hata waliopinga niliwaona kwenye viazi.

Ada ni 12,000 kwa mwaka, tuko 64, waliolipa 19. Imeingia 228,000 imetoka 310,000, hiyo tofauti nadai mimi na sijalalamika popote.

Mwakani Mungu akipenda tufanye kitu na vijana wa pande zote mbili, labda mpira, tutaona. Mweka hazina mnamjua anakokaa. Na sahani mbili za ukumbi hazijarudi, aliyenazo azilete Jumapili.