Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, mafundi wenzangu wa kusafisha na kukarabati makaburi,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na majina ya wanachama wapya anayo katibu, kwa hiyo hayo nayaruka. Muda wangu nitautumia kwenye asidi.

Mwaka huu kazi zilitujia kwa wingi. Masika yalipiga sana, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaja kuongezea. Udongo ulilainika, mawe yakainama, misalaba ikalala, na yaliyobaki wima yakashika ukoga wa kijani na madoa meusi ya kuvu. Familia zikatutafuta. Wakatoliki walitaka kaburi liwe safi kabla ya tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote. Wenye makaburi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kule Kilimanjaro walitaka kabla ya Krismasi, ndugu hawajapanda kutoka mjini. Mteja akishasema "nataka ling'ae, na nalitaka Ijumaa", fundi anakimbilia dumu la asidi ya kusafishia vyoo.

Nimelikagua jiwe moja la marumaru lililosafishwa namna hiyo, na simtaji fundi wala makaburi. Siku ya kukabidhi lilikuwa jeupe pe, mteja akaongeza na nauli. Nililipitishia kiganja miezi kadhaa baadaye, kikatoka na unga. Kwenye mwaka wa kuzaliwa wa marehemu, 3 na 8 hazikujulikana ipi ni ipi. Herufi za madini ya risasi zilizopachikwa kwenye jina zilikuwa zimeanza kucheza, maana jiwe lililozishika limeliwa pembeni.

Tuelewane kwa nini. Marumaru asili yake ni mawe ya chokaa. Terazo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji. Matumbawe ya pwani ni chokaa tupu, na zege nalo linashikwa na saruji. Ukiondoa granaiti, karibu kila tunachokigusa makaburini kina chokaa ndani yake, na asidi kazi yake ni kuyeyusha chokaa. Haiondoi uchafu, inaondoa ngozi ya jiwe ambayo uchafu umekaa juu yake. Asiyeamini atone siki sehemu iliyofichika, atazame mapovu. Hata ndimu inatosha.

Utaratibu tunaofundisha ni ule ule, na ni wa bei rahisi. Lowesha jiwe zima kwanza. Sugua kwa brashi laini ya nailoni ukianzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasichore mistari kwenye sehemu kavu. Kwenye herufi tumia kijiti cha mti. Suuza, rudia. Kuvu sugu ina dawa yake isiyo na asidi wala klorini. Unaipaka, unaondoka, na jiwe linaendelea kutakata kwa wiki kadhaa mvua ikisaidia. Mwambie mteja hivyo tangu mwanzo. Brashi ya waya na grainda ziachieni mageti.

Na maji yenyewe. Visima vingi vya Dar es Salaam ni vya chumvi. Ukisafishia maji hayo, chumvi inazama ndani ya jiwe, jua likiwaka inageuka fuwele na kulisukuma jiwe kutoka ndani. Mchanga wa baharini una kasoro hiyo hiyo na nyingine kubwa zaidi: chumvi inaipa nondo kutu, nondo yenye kutu inavimba, msalaba wa zege unapasuka. Misalaba mingi tuliyoletewa mwaka huu ilikufa kwa njia hiyo. Kuziba ufa kwa saruji mpya juu ya kutu ni kumchaji mteja mara mbili. Fukua, toa nondo, weka chuma kisichoshika kutu.

Safari ya Kaole, Bagamoyo, ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Makaburi yale ya matumbawe na nguzo zake yana mamia ya miaka, yamejengwa na kupigwa lipu ya chokaa iliyochomwa kwenye tanuru. Chokaa inapumua: unyevu unaingia na kutoka. Saruji haina ruhusa hiyo, inaufungia unyevu ndani mpaka jiwe linamomonyoka nyuma ya lipu iliyo nzima. Kwa hiyo atakayepewa kaburi la matumbawe asiliguse kwa saruji, na kama ni la kale, asiliguse kabisa mpaka wahusika wa mambo ya kale waseme.

Kwa makaburi ya Waislamu, tuheshimu msimamo wa familia. Wengi hawataki kaburi lijengewe wala kupambwa. Ukiitwa kung'oa majani na kusimamisha jiwe la kichwani, fanya hilo tu, usianze kuuza vigae.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Makaburi ya vita yaliyopo Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, yaliundwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya Ocean Road yalipohamishwa kupisha barabara. Kazi ya namna hiyo inawezekana tu kama imeandikwa nani amelala wapi. Sisi tunasimamisha mawe yaliyoanguka bila hata picha ya yalikokuwa.

Kwa hiyo naomba mkutano uamue mambo mawili leo. Mwanachama atakayetumia asidi kwenye jiwe lolote lenye chokaa asimamishwe, na chama kisimtetee kwa mteja. Pili, kabla ya kugusa kaburi, fundi apige picha, anakili maandishi yote kama yalivyo, hata yenye makosa ya herufi, na apate idhini ya familia kwa maandishi. Daftari atatoa katibu. Najua wapo watakaosema wateja watahamia kwa mafundi wa nje wanaomaliza kwa saa moja. Wengine watahama kweli. Hoja hiyo tuijadili kabla ya kura, na mlioleta mawe kama mifano myapange mezani sasa.