Mti wa Krismasi uliokaa gizani

Mhariri,

Kila Desemba mnatuwekea picha ya rais wa Marekani akiwasha taa za mti wa Krismasi jijini Washington, basi. Desturi hiyo ilianza tarehe 24 Desemba 1923, Calvin Coolidge alipobonyeza swichi na balbu 2,500 zikawaka kwenye mti uliotoka Vermont.

Mimi hunivutia zaidi miaka ya giza. Kuanzia 1942 hadi 1944, wakati wa vita, mti ulipambwa bila taa. Mwaka 1979 Jimmy Carter aliwasha nyota ya kileleni tu, kwani Wamarekani walikuwa wameshikwa mateka Tehran. Mwaka uliofuata taa zote ziliwaka kwa sekunde 417, moja kwa kila siku ya mateka wale kifungoni, kisha zikazimwa. Hayo nayo yaandikeni chini ya picha.

Msomaji wenu,
Morogoro