Malalamiko kuhusu bolti za konrodi mlizoniuzia

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: BOLTI ZA KONRODI ZA INJINI YA 4E-FTE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua dukani kwenu seti ya bolti za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) za Toyota Starlet ya turbo, injini ya cc 1,331. Kabla sijalipa nilimweleza muuzaji wenu kwamba injini inafanyiwa oveholi kwa ajili ya mashindano na itazungushwa hadi mizunguko 8,000 kwa dakika. Akanihakikishia kuwa hizo ni "za resi, hazina mpinzani", na bei aliyotaja ilikuwa ya resi kweli.

Nilichopokea ni mfuko wa nailoni wenye bolti nane za rangi ya dhahabu. Vichwani hakuna jina la kiwanda wala alama ya daraja, si 10.9 wala 12.9. Hakuna karatasi ya vipimo, hakuna hata kijipakiti cha grisi ya nyuzi. Torki, yaani nguvu ya kukazia, tulitajiwa na muuzaji wenu kwa simu, baada ya kuuliza.

Fundi wangu alipima urefu wa kila bolti kwa maikromita, akazikaza kwa torki hiyo hiyo, akazilegeza, akapima tena. Bolti nzima ikilegezwa hurudi kwenye urefu wake. ARP wa Marekani, ambao bolti za mashindano ndiyo kazi yao, wanasema ikibaki imerefuka kwa inchi 0.001, yaani kama milimita 0.025, itupwe. Tatu kati ya zenu zilivuka hapo. Moja imezidi kwa milimita 0.09, na geji ya nyuzi haikai tena juu yake kwa sababu nyuzi zimeachana karibu na shingo. Hapo injini haijawashwa hata mara moja!

Nilipopiga simu nikajibiwa, "Bolti ni bolti tu, weka gundi ukaze." Gundi huzuia bolti isijifungue, haiongezi nguvu ya chuma. Injini ikitoka mizunguko 6,500 kwenda 8,000, nguvu inayovuta konrodi huongezeka kwa karibu nusu nzima. Na inavuta vibaya zaidi pale pistoni inapofika juu mwisho wa kutoa moshi, kwa kuwa wakati huo hakuna mgandamizo wa kuizuia. Mzigo wote unabebwa na bolti mbili. Ikikatika moja, konrodi inatoboa bloku na hakuna cha kutengeneza tena. Kwa injini ya kwenda sokoni na kurudi, bolti mpya za Toyota zingenitosha, tena kwa pesa kidogo.

Kuna hasara nyingine ambayo muuzaji wenu hakutaka kuisikia. Ukibadilisha bolti, kifuniko cha konrodi hubana tofauti na tundu la beringi hupoteza mviringo, kwa hiyo konrodi zote nne zilipelekwa karakana kuchongwa upya zikiwa zimefungwa bolti zenu. Nikiweka bolti nyingine, kazi hiyo inarudiwa.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe bei yote ya bolti pamoja na gharama ya uchongaji, risiti zote mbili nimeambatisha. Pia naomba mnijulishe kwa maandishi zimetengenezwa na nani na kwa chuma gani. Sitapokea seti nyingine ya aina hiyo badala ya fedha, na oda yangu ya studi za silinda hedi ifuteni.

Bolti ninazo, kila moja ina namba na vipimo vyake. Mtaalamu wenu anakaribishwa kuzipima mbele ya fundi wangu, ila hazitaondoka bila hati ya makabidhiano. Nisipopata jibu ndani ya siku 14 nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani (FCC).

Wenu,
Mteja
(risiti na jedwali la vipimo vimeambatishwa)