Lebo ya chembe za nano itaje umbo, si uzito pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mwezi uliopita mzazi mmoja aliniletea shuleni chupa ya dawa ya kunyunyizia nyanya aliyoinunua katika duka la pembejeo, akaniomba nimsomee lebo. Iliandikwa kwamba ndani yake mna chembe za nano za madini ya fedha zinazoua bakteria na ukungu, na kiasi cha fedha katika kila lita kilitajwa kwa miligramu. Kuhusu ukubwa wa chembe hizo na umbo lake hapakuwa na neno hata moja. Nilishindwa kumwambia kama miche yake ingesalimika, na ninaamini hata bwana shamba mzoefu angeshindwa, kwa kuwa kilichoachwa nje ya lebo ndicho tulichokihitaji.

Chembe ya nano huwa na kipimo cha kati ya nanomita 1 na 100, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya kuotesha raigrasi, nyasi ya malisho, pamoja na chembe za fedha zilizotengenezwa kwa maumbo tofauti, yakiwemo vitufe na michemraba. Mizizi iliyokutana na michemraba ilipungua urefu kwa asilimia 5.3 ikilinganishwa na ya nyasi ambazo hazikuwekewa fedha, ilhali iliyokutana na vitufe ilipungua kwa asilimia 39.6. Tukiipima kwa rula, pale ambapo mzizi wenye afya ungefika sentimita 10, wa kwanza unafika tisa na nusu, na wa pili unaishia sita.

Kila mwaka mimi na wanafunzi wangu huotesha mtama juu ya pamba yenye maji, kwa hiyo najua sentimita nne hizo zina maana gani. Mzizi mchanga wenye afya huota vinyweleo vyeupe, laini kama ukungu wa mkate, na hivyo ndivyo vinavyonyonya maji. Mzizi ulioumizwa na sumu hubaki mfupi, ncha yake ikageuka kahawia, vinyweleo vikawa haba, huku jani la juu likiwa bado kijani kibichi. Mkulima anayetazama jani haoni lolote mpaka siku jua linapokuwa kali.

Huenda msomaji akadhani tofauti hiyo inatokana tu na ukubwa wa eneo la nje, ambako fedha huyeyuka na kutoa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, ambazo ni sumu. Eneo hilo ni kubwa kweli: gramu moja ya fedha iliyogawanywa katika vitufe vya nanomita 10 ina eneo la mita za mraba zipatazo 57, yaani sakafu ya nyumba ndogo. Lakini mwanafunzi akikokotoa uwiano wa eneo na ujazo kwa kitufe chenye kipenyo fulani na kwa mchemraba wenye ubavu wa urefu uleule, atapata jibu moja kwa vyote viwili. Hesabu ya eneo peke yake haitoshi. Nyuso za fuwele, yaani chembe ambayo atomi zake zimejipanga kwa utaratibu, nazo zina tabia zake, kwa kuwa atomi hazikupangwa kwa namna moja katika kila uso, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikwisha kuonyesha kwamba vibapa vya pembetatu vya fedha huua bakteria kwa nguvu kuliko vitufe na fito.

Sisemi kwamba michemraba ni salama. Katika utafiti huohuo wa Duke, samaki wadogo wa maabara, minyoo na bakteria waliathiriwa na michemraba karibu sawa na maumbo mengine. Aliyepata nafuu ni mmea.

Hapa kwetu suala hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, walionyesha kwamba soksi zilizotiwa fedha ili zisinuke huiachia fedha hiyo ndani ya maji ya kufulia. Penye mtambo wa kusafisha majitaka, sehemu kubwa ya fedha hugeuka kuwa salfidi, yaani mchanganyiko wa kikemia wa fedha na salfa, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi, kisha hutuama kwenye tope. Nyumba nyingi za Morogoro hazikuunganishwa na mtambo wowote; maji ya beseni humwagwa kwenye tuta la mchicha nyuma ya jiko, na chochote kilichomo hukutana na mzizi moja kwa moja.

Kwa hiyo ninawaomba Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) wadai mambo manne kwa kila bidhaa yenye chembe za nano itakayogusa shamba au maji: ukubwa wa chembe, umbo lake, kilichotumika kuipaka, na matokeo ya kipimo cha urefu wa mizizi kwa angalau zao moja tunalolilima. Tume ya Ulaya, katika tafsiri yake ya mwaka 2022 ya maana ya nano, tayari inataja fito, nyuzi, neli na bapa. Kipimo cha mizizi hakihitaji mashine ya gharama: sahani, karatasi ya kuchujia, mbegu mia moja, rula na siku kumi. Mzazi yule bado ameiweka chupa yake bila kuifungua, na msimu wa kupandikiza nyanya umekaribia.

Mwalimu wa Biolojia,
Morogoro