Hasira za wachezaji na mjadala wetu

Assalamu alaikum ndugu zangu wapenzi wa gofu, hapa Malindi na mlioko nje.

Mjadala wa jana, kama mchezaji mwenye hasira anaweza kushinda, ulikuwa mtamu hadi mtu alipomwita Rory McIlroy, mchezaji gofu wa Ireland ya Kaskazini, "moyo wa karatasi". Kabla ya kumhukumu, tazameni rekodi yake. Kwenye Masters ya 2011, mashindano makubwa ya gofu pale Augusta, Marekani, aliianza siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju 4, akapiga 80 akapoteza (kwenye gofu mikwaju michache ndiyo bora). Miezi miwili baadaye akashinda US Open ya gofu kwa tofauti ya mikwaju 8. Mwaka 2025 pale Augusta alitumbukiza mpira majini shimo la 13, akakosa mpigo mfupi wa ushindi shimo la 18, kisha akamshinda Justin Rose kwenye shimo la ziada. Huyo anaumia waziwazi, lakini anarudi. Kwangu mimi hiyo ndiyo roho ngumu.

Wanaosema mpole ndiye hushinda wana mfano wa Mmarekani Scottie Scheffler, nami nawakubalia: Mei 2024 alikamatwa na polisi asubuhi, akaachiwa, akapiga 66 siku hiyo hiyo. (Mashtaka yalifutwa baadaye.) Lakini Tyrrell Hatton hugombana hata na fimbo zake, na Januari 2025 alichukua taji Dubai. Basi ukali peke yake si ugonjwa.

Naomba tubishane kwa matokeo. Matusi kwa mchezaji au kwa mwenzetu nitayafuta, awe mkubwa au mdogo. Wazee wetu wamo humu, na vijana wanaojifunza wanasoma.

Jumapili jioni tutazame gofu pamoja. Anayekuja aandike jina hapa chini.