Kalsiamu kwa wajawazito wa Kusini: idadi ya miligramu na saa ya kumeza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie kalsiamu. Kwa wajawazito wa Mtwara na Lindi haitiliwi mkazo kama vidonge vya kuongeza damu, ilhali nayo ina kazi yake: kupunguza uwezekano wa presha ya ujauzito inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambayo chakula chake hakina kalsiamu ya kutosha.

Na chakula chetu ndicho hicho. Ugali wa muhogo, ugali wa mahindi na wali hushibisha, lakini kalsiamu yake ni ndogo, na maziwa si kitu cha kila siku kwa kaya nyingi za Newala, Tandahimba au Liwale. Glasi moja ya maziwa ya mililita 250 ina kama miligramu 300. Korosho tunazojivunia hazisaidii hapa, kwani gramu 100 hazifikishi hata miligramu 50. Dagaa wakavu wanaoliwa wazima pamoja na mifupa ni afadhali mara nyingi. Ufuta nao umejaa kalsiamu, ila imekaa zaidi kwenye ganda, hivyo ukikobolewa nyingi inapotea. Mchicha una asidi ya oksaliki inayoishika kalsiamu isifyonzwe vizuri. Udongo wa pemba usihesabiwe kabisa. Mama anayeutafuna anajiongezea hatari ya upungufu wa damu na minyoo.

Kwa muda mrefu kikwazo kimekuwa wingi wa vidonge: vitatu au vinne vikubwa kila siku, juu ya vile vya damu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Bangalore, India, ukachapishwa mwaka 2024, uliwafuatilia wanawake 11,000 kila nchi. Kwa kuzuia dalili za awali za kifafa cha mimba, miligramu 500 kwa siku hazikuzidiwa na 1,500. Kwa Tanzania waliopata dalili hizo walikuwa asilimia 3.0 kwa miligramu 500 na 2.7 kwa 1,500. Kwa upande wa kujifungua kabla ya wakati, matokeo ya Dar es Salaam hayakutosha kuthibitisha usawa huo, na ni haki jambo hili lisemwe wazi. Hata hivyo kidonge kimoja kwa siku ni mzigo ambao bajeti ya dawa ya halmashauri inaweza kuubeba, na mama anaweza kukimeza hadi mwisho.

Ila kidonge kipi? Hapa ndipo wengi hupotea. Hesabu ni ya kalsiamu yenyewe, si ya uzito wa chumvi yake, yaani kemikali nzima iliyobeba kalsiamu hiyo, kama kaboneti au lakteti. Kalsiamu kaboneti miligramu 1,250 inatoa 500. Kidonge cha kalsiamu lakteti cha miligramu 300, ambacho ni cha bei nafuu, kinatoa kama 40 tu, maana yake mama angehitaji zaidi ya kumi. Mfamasia au muuza duka la dawa asome lebo kabla ya kumwambia mteja "moja kwa siku".

Kaboneti imezwe pamoja na chakula, na isizidi miligramu 500 kwa mara moja, kwani mwili haufyonzi vizuri kiasi kikubwa zaidi ya hapo. Isikutane na vidonge vya damu, kwa sababu kalsiamu huzuia madini chuma yasifyonzwe. Njia rahisi ni kalsiamu na chakula cha mchana, na vidonge vya damu usiku wakati wa kulala. Anayepata choo kigumu anywe maji zaidi. Aliyewahi kuwa na mawe kwenye figo amwambie mkunga kwanza.

Kalsiamu haitibu presha iliyokwisha kupanda. Kila hudhurio presha ipimwe na mkojo uangaliwe protini. 140/90 baada ya wiki ya 20 si ya kurudishwa nyumbani bila kuchunguzwa. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au mwenye presha ya siku nyingi, kisukari au mapacha, afike kliniki mapema, kwa kuwa aspirini ya dozi ndogo, ambayo huandikwa na mtoa huduma, inafaa kuanza kabla ya wiki ya 20. Kichwa kuuma sana, kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla: asisubiri siku ya kliniki. Na kwa kuwa degedege linaweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa, tunaomba mama asitoke wodini bila presha yake kupimwa tena.

Wakunga, Lindi